Tumebadilisha wabunge watatu, mbona jimbo ni lile lile?

*"Jimbo letu liko mkoa wa Lindi, ni la vijijini kabisa, lina kata 18. Tunategemea korosho, ufuta na mbaazi, na miaka hii wafugaji wamehamia na ng'ombe wengi. Katika chaguzi tatu tumepata wabunge watatu tofauti, lakini barabara yetu ya kilomita 34 kwenda makao makuu ya wilaya inakatika kila Februari, na boma la zahanati tulilojenga kwa nguvu zetu limefika lenta, mwaka wa sita sasa halijaezekwa. Wazee wanasema shida ni kwamba wabunge wote wanatoka upande wa pili, si watu wa kabila letu. Vijana wanasema wananchi ndio wajinga, wananunuliwa kwa kanga na pilau. Kikundi chetu cha vijana tunataka kuandika wasifu wa jimbo, tulielewe kisiasa na kijamii kabla ya kumlaumu mtu. Tuanzie wapi? Na je, kubadilisha mbunge kunasaidia chochote?"*

Ndugu zangu, mmeuliza mambo mawili: jimbo lenu ni la namna gani, na mbunge ana uzito gani ndani yake. Naanza na hili la pili, kwa sababu mkilikosea, mtakachoandika kitakuwa wasifu wa mbunge, na jimbo halitaonekana humo.

Mbunge wa Tanzania hana fungu la barabara wala la zahanati. Ibara ya 99 ya Katiba inalizuia Bunge kushughulikia mambo ya kuongeza kodi au matumizi ya fedha za umma mpaka Rais, kupitia waziri, awe ameyapendekeza. Maana yake ni kwamba mbunge wenu hawezi kusimama Dodoma akachomeka kilomita 34 kwenye bajeti. Anaweza kuuliza swali, kuchangia, kushika shilingi ya mshahara wa waziri (kuizuia isipitishwe) mpaka apate maelezo, na kubisha hodi wizarani. Kuikataa bajeti nzima ni silaha ambayo haijawahi kufyatuliwa, kwa kuwa Ibara ya 90 inampa Rais nafasi ya kulivunja Bunge likifanya hivyo. Kwa hiyo mnapompima mbunge kwa kilomita, mnampima kwa kitu ambacho yeye anakiomba kama mnavyokiomba ninyi, ila yeye anaomba akiwa karibu zaidi na mlango.

Tuichukue barabara yenyewe. Jambo la kwanza ni kujua ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za wilaya, tangu 2017, ziko chini ya TARURA, ambayo ni wakala wa barabara za vijijini na mijini chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na halmashauri. Kabla ya hapo zilikuwa za halmashauri, na wananchi wengi bado wanamkaba diwani na mkurugenzi kwa barabara ambayo kisheria haiko mikononi mwao tena. TARURA huzigawa barabara zake katika za mkusanyiko, za mlisho na za jamii. Barabara ikiwa ya jamii, au haimo kabisa kwenye orodha ya mtandao uliosajiliwa, itachongwa siku kukiwa na masalio, au siku kiongozi mkubwa akipita. Kwa hiyo swali lenu la kwanza kwa meneja wa TARURA wa wilaya liwe hili: barabara yetu ina namba gani, iko daraja gani, ilikaguliwa lini, na katika kilomita 34, ngapi zina changarawe? "Mtatutengenezea lini" isubiri kwanza. Barabara inayokatika kila Februari mara nyingi haihitaji kilomita 34 za lami. Inahitaji makalavati mawili matatu na tuta la udongo mgumu kwenye bonde lile lile linalojulikana. Mkiomba lami mtaambiwa subirini. Mkiomba kalavati mahali palipotajwa kwa jina, ombi linaingia kwenye mpango wa mwaka. Na mkitaka barabara ipandishwe hadhi iende TANROADS, hoja hupitia Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambamo wabunge wa mkoa ni wajumbe. Hapo ndipo mbunge ana kiti halisi, na hapo ndipo mwulizeni alisema nini.

Maji yamefuata njia ileile. Tangu Julai 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, na bomba la kijiji husimamiwa na chombo cha watoa huduma ngazi ya jamii. Pampu ikifa kwa sababu makusanyo ya ndoo hayakupelekwa benki, hakuna mbunge atakayelitibu hilo.

Zahanati ni habari nyingine, na nadhani hapa ndipo tabia ya jimbo la vijijini inaonekana waziwazi kuliko popote. Utaratibu wetu ni kwamba wananchi huanzisha kwa tofali, mchanga, mawe na nguvu kazi, wakifika lenta serikali humalizia. Kwa miaka kadhaa kiwango kilichozoeleka kutoka serikalini kimekuwa shilingi milioni 50 kumalizia boma la zahanati na milioni 12.5 kumalizia boma la darasa. Maboma mengi hukwama kwa sababu ambazo hazisemwi jukwaani. Kijiji kilijenga bila ramani iliyoidhinishwa, kwa hiyo mhandisi wa halmashauri hawezi kuliombea fedha jengo ambalo vyumba vyake havitoshi. Kiwanja hakina hati wala muhtasari wa mkutano mkuu unaoonyesha aliyekitoa. Ujenzi ulianzishwa na mtu mmoja mashuhuri wakati wa kampeni, haukupita kwenye mpango wa kijiji, kwa hiyo hauonekani kwenye mpango wa kata wala wa halmashauri. Au mbunge alileta bati kabla ya mbao, zikalala kwenye stoo ya mtendaji mpaka zikaliwa na kutu, au zilikuwa nyembamba kuliko kiwango na mhandisi akazikataa. Miaka sita bila paa ni mingi kwa tofali za kuchoma. Kabla ya kudai bati, mwombeni mhandisi wa halmashauri aje aangalie kama kuta bado zinabeba kenchi, kwa sababu kuezeka ukuta ulioloa misimu sita ni hatari.

Sasa kuna Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, na hapa napo pana dhana ya kurekebisha. Si fedha za mbunge. Huingia kwenye akaunti ya halmashauri, mbunge ni mwenyekiti wa kamati, afisa mipango ni katibu. Mgawo una kanuni: robo hugawanywa sawa kwa majimbo yote, asilimia 45 hufuata idadi ya watu, 20 kiwango cha umaskini na 10 ukubwa wa eneo. Kwa jimbo moja hutoka makumi ya mamilioni kwa mwaka. Gawanyeni kwa kata 18 muone: ni mifuko ya saruji na bati za majengo machache, basi. Mfuko huu ni mdogo mno kulijenga jimbo, lakini unatosha kabisa kuonyesha mbunge anazijali kata zipi. Orodha ya miradi yake ya miaka mitano ni mojawapo ya nyaraka bora za wasifu wenu. Iombeni kwa afisa mipango, muipange kwa kata.

Nimekaa sana kwenye fedha kwa makusudi. Mkishajua nani ameshika nini, siasa ya jimbo inaanza kueleweka.

Upande wa siasa, mbunge wa kijijini amefungwa na chama mwanzo na mwisho. Ibara ya 67 inataka mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Mgombea binafsi haruhusiwi, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2013 kwamba zuio hilo linakiuka haki. Ibara ya 71 inasema akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, kiti kinaondoka. Mfano uko jirani yenu: Liwale ilichagua mbunge wa CUF mwaka 2015. Mwaka 2018 alihamia CCM, kiti kikawa wazi, ukafanyika uchaguzi mdogo, na akarudi bungeni kwa tiketi ya CCM. Mpiga kura wa Liwale alipata mtu yuleyule na chama kingine ndani ya muhula mmoja.

Mwaka 2020 CCM ilichukua majimbo 256 kati ya 264, na Oktoba 2025 CHADEMA haikusimamisha wagombea. Katika hali hiyo, mchuano wenye maana vijijini huwa ndani ya chama tawala, kwenye kura za maoni za Julai na Agosti, na hata kura hizo ni ushauri tu. Jina la mwisho hutoka Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama, na aliyeongoza kwa kura anaweza kuachwa. Kwa hiyo mkisema "tumebadilisha wabunge watatu", ulizeni pia ni nani hasa aliyewabadilisha. Jimbo linalobadilisha mtu kila miaka mitano bila kubadilisha chama mara nyingi lina makundi mawili au matatu ndani ya chama wilayani yasiyokubali kushindwa. Kundi lililoshindwa hukaa halmashauri na kwenye kamati za siasa likimwekea mbunge vigingi hadi uchaguzi ujao. Mbunge wa aina hiyo hutumia miaka miwili ya kwanza kuponya majeraha na miwili ya mwisho kujihami. Katikati unabaki mwaka mmoja wa kazi. Hili haliandikwi popote, ila mkilinganisha majina ya waliogombea kura za maoni mwaka 2015, 2020 na 2025, mtaliona.

Sasa jimbo lenyewe. Kosa la kawaida ni kulizungumzia kama mtu mmoja mwenye tabia moja. Jimbo la vijijini ni mpaka uliochorwa na Tume ya Uchaguzi kwa kuangalia idadi ya watu, mawasiliano na jiografia, na Katiba inataka mipaka hiyo iangaliwe upya angalau kila miaka kumi. Mwaka 2025 Tume iliongeza majimbo manane, yakawa 272, na yote manane yako bara: Kivule, Chamazi, Mtumba, Uyole, Bariadi Mjini, Katoro, Chato Kusini na Itwangi. Hakuna hata moja la kusini, kwa kuwa kipimo kikubwa kilikuwa wingi wa watu. Kwa hesabu ya sensa ya 2022, jimbo la bara kwa wastani lina watu wapatao 270,000, na la Zanzibar wapatao 38,000. Wastani huo nao unadanganya: jimbo la Lindi linaweza kuwa na watu wachache kuliko la Geita, lakini likawa na pori ambalo mbunge hulikata siku nzima kwa gari.

Anzeni kwa kuzipanga kata zenu 18 kwa idadi ya wapiga kura walioandikishwa, kubwa hadi ndogo, kisha jumlisheni kutoka juu mpaka mfike nusu. Nakisia mtafika nusu kwenye kata ya sita au ya saba, na kwamba kata hizo ziko kando ya barabara kuu na kwenye mji mdogo wa wilaya. Mgombea mwenye akili hatafuti kata 18. Anatafuta hizo sita au saba na kata mbili za nyumbani kwao. Sasa rudini kwenye malalamiko ya wazee kwamba wabunge wanatoka "upande wa pili". Huenda ni kweli, lakini kabila si sababu ya kwanza. Upande wa pili una watu wengi zaidi na barabara nzuri zaidi, na hivyo viwili vinalishana: barabara huleta watu, watu huleta kura, kura huleta barabara.

Sisemi kabila halipo. Nasema kwa Tanzania, na hasa kusini, halifanyi kazi kama wengi wanavyodhani. Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, na operesheni za vijiji za miaka ya 1970 zilichanganya koo na makabila kwenye kijiji kimoja. Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wangindo wameoana na kutaniana muda mrefu. Kinachobaki ni "mtu wa kwetu", na huyo huamuliwa na mahali kuliko damu: ukanda wa pwani na ukanda wa bara, wa bondeni na wa juu, waliokuwa hapo kabla ya operesheni na walioletwa nayo. Kundi hili la mwisho lisisahauliwe. Mashamba ya zamani ya mikorosho mara nyingi yako kwenye mahame, yaani makazi ya kale yaliyoachwa, mbali na kijiji cha sasa, na ugomvi wa nani alipanda mkorosho upi hurithiwa mpaka kwa wajukuu. Kusini, ambako kwa desturi ukoo ulifuatwa upande wa mama, mjomba na mpwa wanaweza kudai shamba ambalo baba amemwachia mwanawe. Watu wa familia hizo mbili hawatampigia kura mtu mmoja hata akiwa malaika.

Kalenda ya mapato ndiyo sura ya pili ya wasifu wenu. Ufuta huuzwa kuanzia Juni, mbaazi hufuata, na minada ya korosho huanza Oktoba. Kati ya Januari na Machi, wakati mvua imekata barabara na ghala la chakula limepungua, ndipo hasira kwa viongozi huwa kali. Uchaguzi mkuu huja Oktoba, kiangazi, barabara ikipitika, fedha za ufuta zimeshaingia na korosho zinaanza kuanguka. Mgombea huahidi akiwa kwenye barabara kavu. Halafu kuna miezi kabla ya mnada, ambapo mkulima aliyeishiwa huuza korosho zake mapema kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi nje ya mfumo rasmi, kwa bei ya kutupa. Anayenunua kangomba ni mtu wa kijijini: mwenye duka, mwenye bodaboda tatu, pengine mjumbe wa bodi ya chama cha msingi cha ushirika cha wakulima (AMCOS). Andikeni ni nani anayekopesha kijijini, na mtakuwa mmeandika nusu ya siasa ya kijiji. Watu humsikiliza anayewadai.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo mkulima hukusanya zao ghalani likauzwe kwa mnada, ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/08, ulihamisha siasa kutoka kwa mnunuzi kwenda AMCOS. Uchaguzi wa bodi ya chama cha msingi unaweza kuwa mkali kuliko wa diwani, na ni sawa uwe hivyo, maana makato ya kila kilo hupita hapo. Aprili 2013 wilayani Liwale nyumba za viongozi zilichomwa moto kwa sababu ya malipo ya pili ya korosho yaliyotoka pungufu kuliko wakulima walivyotarajia. Juni 2018 wabunge wa kusini, kwa pamoja, walipinga bungeni kuondolewa kwa mgawo wa ushuru wa korosho zinazouzwa nje uliokuwa ukirudi kwenye zao, wakashindwa. Miezi michache baadaye bei ilianguka na serikali ikanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kuzisomba. Hiyo ndiyo mipaka ya mbunge wa kijijini: hata wakiwa wengi na hoja wanayo, zao likiwa la kitaifa uamuzi hufanyika juu yao. Zao likiyumba, halmashauri nayo hutikisika, kwa sababu ushuru wa mazao ya biashara, asilimia 3 ya bei ya shambani, ndio mhimili wa mapato yake ya ndani. Na katika mapato hayo ndimo inamotoka ile asilimia 10 ya mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ninyi ni vijana wenye kikundi. Bei ya korosho inawagusa hata kama hamna mkorosho.

Kuhusu wafugaji, nawaomba uangalifu. Wengi walifika Lindi baada ya kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, kwa utaratibu wa serikali yenyewe, na wengine wamefuata baadaye kwa njia zao. Mbunge hana mamlaka ya kumkaribisha wala kumfukuza mfugaji. Ardhi ya kijiji, kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 1999, hugawiwa na halmashauri ya kijiji kwa idhini ya mkutano mkuu. Panapokuwa na ugomvi mkubwa, chimbueni muhtasari: mkutano mkuu ulikaa? Walihudhuria wangapi? Mara nyingi mtakuta ukurasa mmoja wenye saini za wajumbe wa halmashauri ya kijiji peke yao, na minong'ono ya fedha zilizopita chini ya meza. Hapo mgogoro ni wa wanakijiji na uongozi wao kabla haujawa wa mkulima na mfugaji. Mbunge hukaa kimya kwa sababu wote wawili wanapiga kura, na mfugaji ana fedha taslimu mwezi ambao mkulima hana. Dawa ya muda mrefu ni mpango wa matumizi bora ya ardhi unaotenga malisho, mashamba, njia za mifugo na maji. Ni kazi ya gharama, na isipowekwa alama za mipaka ardhini, ramani itabaki kwenye kabati la mtendaji.

Sasa hao vijana wanaosema wananchi wananunuliwa kwa kanga na pilau. Takrima, yaani zawadi na ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, iliwahi kuruhusiwa kisheria mpaka Mahakama Kuu ilipoitupa mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ikaja kubana zaidi. Zawadi hazikuisha. Lakini mama anayepokea kanga kwa wagombea watatu hajanunuliwa na watatu. Amepokea kile ambacho ana hakika nacho, kutoka kwa watu ambao hatawaona tena kwa miaka mitano. Kijijini mgombea hupimwa kwa mambo ambayo mjini yanaonekana madogo: alikuja msibani? Anapokea simu? Mgonjwa alipozidiwa usiku, gari lake lilitoka? Mahali ambapo gari la wagonjwa haliji, maswali hayo yana mantiki kamili. Tatizo ni kwamba mbunge anayejibu yote matatu anakuwa hana muda wala fedha za kufuatilia kalavati wizarani, na anayefuatilia kalavati anasemwa ana maringo. Wapiga kura wenu huenda wamewatoa wabunge watatu kwa sababu tofauti kabisa. Waulizeni kata kwa kata kabla ya kuandika neno ujinga.

Kwenye kazi yenyewe ya kuandika, gaweni kata miongoni mwenu, na kila mmoja asichukue kata yake ya nyumbani. Kwa kila kijiji mtafute tarehe za mikutano mikuu ya miaka miwili iliyopita (inatakiwa angalau kila miezi mitatu), kama mapato na matumizi yalisomwa, idadi ya vitongoji, maboma yaliyokwama na yamekwama hatua gani, chanzo cha maji na nani anakusanya fedha, chama cha msingi na lini kilifanya uchaguzi, na mgogoro wa mpaka ukiwepo. Katani ombeni mihtasari ya Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na wenyeviti wa vijiji ni wajumbe. Fuatilieni ombi moja tu, la zahanati yenu, kutoka mkutano mkuu wa kijiji, kwenda kata, kwenda Baraza la Madiwani, ambamo mbunge naye ni mjumbe. Mtafika mahali ambapo karatasi inayofuata haipo. Pale ndipo zahanati yenu ilipokwama, na mara nyingi si Dodoma. Upande wa Dodoma, tafuteni jina la jimbo lenu kwenye Taarifa Rasmi za Bunge. Majibu ya mawaziri kwa swali la msingi na maswali mawili ya nyongeza huwa na takwimu za barabara na miradi ambazo wilayani mngezisubiri mwezi mzima.

Ofisi ikigoma kutoa taarifa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa siku 30 kujibu. Andikeni barua, ipigwe muhuri wa kupokelewa, bakini na nakala. Epukeni kwenda na kamera siku ya kwanza. Mtendaji wa kijiji ameajiriwa na halmashauri, na akihisi mnamtafutia kesi, mafaili yatafungwa kata nzima kabla ya jua kuzama.

Je, kubadilisha mbunge kunasaidia? Kunasaidia pale ambapo mbunge aliyepo hahudhurii Baraza la Madiwani, hagusi Bodi ya Barabara, na Mfuko wa Jimbo umeishia kata za nyumbani kwao. Hayo yote mnaweza kuyathibitisha kwa mihtasari. Hakusaidii pale ambapo ombi halijawahi kutoka kijijini. Na katikati ya muhula swali hilo halina kazi, kwa sababu Katiba yetu haimpi mpiga kura uwezo wa kumwita mbunge nyumbani kabla ya miaka mitano. Kama nguvu zenu ni za jambo moja tu mwaka huu, nisingezipeleka kwa mbunge. Ningezipeleka kwenye mpango wa kijiji: mwaka wa fedha huanza Julai, halmashauri hukamilisha bajeti zake mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo ombi la zahanati lenye muhtasari, ramani na makadirio ya mhandisi liwe limefika kata kabla ya Desemba. Diwani na mwenyekiti wa kijiji, aliyechaguliwa Novemba 2024, wako karibu nanyi na wanahitaji jambo la kuonyesha.

Kuna mambo ambayo msiyamalize kwa maandishi. Mpaka wa vijiji viwili, au wa kijiji na hifadhi, unahitaji afisa ardhi wa wilaya na mpima ardhini akiwa na ramani ya usajili wa kijiji. Msichore mpaka wenu kwenye wasifu, kwa sababu ukurasa huo unaweza kubebwa shambani kama ushahidi na watu wenye mapanga. Mtu mmoja mwenye mgogoro wa shamba mpelekeni kwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017, ambaye huduma yake ni bure, kabla hajafika Baraza la Ardhi la Kata. Tangu 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui, na wengi hupoteza miezi wakisubiri hukumu ambayo haiwezi kutoka hapo. Mkikutana na dalili za fedha za mradi kuliwa, pelekeni nakala TAKUKURU ofisi ya wilaya, au pigeni 113, na majina msiyaandike kwenye wasifu. Na mtu akianza kuwatisha, simamisheni kazi kwenye kata hiyo na mkaonane ana kwa ana na wakili, mkiwa na barua zenu zenye mihuri na orodha ya tarehe mlizokwenda ofisini.